Intaneti ya Simu kwa Anayeondoka Nairobi kwa Miezi Mingi: Mwongozo Kamili

Kila anayejiandaa kupanda ndege JKIA kwenda kusoma, kufanya kazi au kumuuguza mgonjwa wake ng'ambo kwa miezi sita, mwaka au zaidi, huniuliza swali lile lile: nikifika kule ninunue laini gani? Ni swali zuri, ila linakuja la pili. La kwanza ni hili: laini yako ya Kenya itakaa kwenye simu ipi, na nani ataiweka hai?

Sisi tumeifanya namba ya simu kuwa pochi, kitambulisho na ufunguo. M-PESA imekaa humo tangu 2007. Benki hutuma OTP humo, yaani msimbo wa siri wa kutumika mara moja. eCitizen, karo ya mtoto, mchango wa chama, kodi ya nyumba uliyompangishia mtu pale Umoja, yote hupitia namba hiyo. Data ya ugenini unaweza kuinunua siku yoyote ukiwa na pesa. Namba ya nyumbani ikikuponyoka ukiwa mbali, kuirudisha ni shughuli nzito.

Yalinipata mwenyewe. Nilipokuwa nje ya nchi kwa miezi kumi, niliacha laini yangu ya pili kwenye droo, nikijua nitaikuta. Ndiyo niliyokuwa nimeiandikisha benki miaka mingi nyuma. Niliporudi, namba ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na ujumbe wa akaunti yangu ulikuwa ukimfikia yeye. Nilipanga foleni kwenye tawi siku mbili nikiwa na kitambulisho mkononi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyumbani.

Hatua ya kwanza: iweke hai laini ya Kenya

Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na baadaye namba hurudishwa sokoni. Kampuni haikufuati ughaibuni kukuuliza. Kwa hiyo safiri nayo, ikae ndani ya simu, isome mtandao. Simu nyingi tunazotumia hapa Nairobi zina nafasi mbili za laini, na hiyo ni bahati kubwa: ya kwanza iwe ya Kenya, ya pili uiache kwa ajili ya ugenini. Ikiwa simu yako ina nafasi moja lakini inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayoingizwa kwa kupiga picha msimbo, hamishia moja ya laini zako huko. Safaricom na Airtel zote zinatoa eSIM hapa. Fanya jambo hilo wiki mbili kabla ya safari, usisubiri asubuhi ya safari, kwa sababu kubadilisha laini kunaweza kuisimamisha M-PESA kwa muda au kuiamsha benki ikuulize maswali.

Kisha washa romingi, yaani ruhusa ya laini yako kutumia minara ya nchi nyingine. Iwashe ukiwa bado hapa, wakati huduma kwa wateja unaipigia bure. Waulize mambo matatu, na uandike majibu: nchi ninayokwenda mna makubaliano na kampuni ipi kule, kupokea SMS ni bure au kunatozwa, na kupokea simu ni shilingi ngapi kwa dakika. Kwa kawaida kupokea SMS ukiwa kwenye romingi hakutozwi, na hapo ndipo OTP zako zinapopita. Kupokea simu ya kawaida ndiko kunakokula salio, hata kama aliyepiga ni mjomba anayetaka kujua tu kama ulifika salama. Waambie jamaa mapema wapige kwa WhatsApp.

Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua laini ya Kenya, zima data ya romingi. Zima pia ule mpangilio unaoiruhusu simu kuhama yenyewe kutoka laini moja hadi nyingine data inapodhoofika. Wengi huzima la kwanza na kusahau la pili, kisha wanashangaa salio lilikwenda wapi usiku.

Kila mwezi, fanya jambo dogo kwa laini hiyo: nunua salio la shilingi 20, tuma SMS moja, mtumie mama kitu kidogo. Weka ukumbusho kwenye kalenda. Laini inayofanya kazi haifungwi.

Wapo wanaoiacha laini kwa ndugu wa kuaminika. Mimi siungi mkono. Mwenye laini yako mkononi anapokea OTP zako zote, na laini imeandikishwa kwa kitambulisho chako, kwa hiyo lolote litakalofanywa nayo litakutafuta wewe. Zaidi ya hayo unamtwika ndugu yako mzigo: simu ikiibwa kwenye matatu ya Thika Road, hatakuwa ameibiwa simu tu, atakuwa amepoteza na pesa zako.

Malizia ulinzi kwa mambo mengine matatu. Wa Safaricom wabonyeze *100*100# ili mtu asiweze kubadilisha laini yao kwa njia ya wakala huku wao wako mbali. Nenda benki uulize kama OTP zinaweza kuja kwa barua pepe au ndani ya programu ya benki. Na kwenye WhatsApp washa uthibitisho wa hatua mbili, weka namba ya siri pamoja na barua pepe ya kuirejesha. WhatsApp haihitaji laini ya Kenya iwe ndani ya simu kila siku. Unaweza kuendelea na namba yako ya 07 hata ukitumia data ya kampuni ya ugenini. Itakapohitaji laini ni siku utakayobadilisha simu, kwa kuwa itatuma msimbo kwa namba hiyo.

Anayekwenda Kampala au Kigali ana nafuu kidogo. Makubaliano ya mtandao mmoja yaliyoanza 2014 yalishusha sana gharama ya kupiga na kupokea simu baina ya Kenya na majirani hao. Lakini hayo yalihusu simu za sauti zaidi. Kwa data ya miezi mingi, nunua laini ya huko.

Hatua ya pili: ikague simu kabla ya kukagua mitandao

Bonyeza *#06#. Utaona IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na zitakuwa mbili kama simu ina nafasi mbili. Ukiona pia namba ndefu iitwayo EID, simu inakubali eSIM. Tahadhari kwa wanaonunua iPhone za mtumba Luthuli au Moi Avenue: zilizotengenezwa kwa soko la Uchina bara kwa kawaida zina nafasi mbili za kadi lakini hazina eSIM, na zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia iPhone 14 hazina nafasi ya kadi kabisa. Zote ni simu nzuri, ila kila moja inakufungia mlango fulani. Muulize muuzaji ni ya soko gani, kisha ujihakikishie mwenyewe kwa *#06#.

Angalia pia kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja. Weka laini ya kampuni tofauti. Ikikataa kusoma, imefungwa. Na ikiwa bado unailipia polepole, iwe ni Lipa Mdogo Mdogo au M-KOPA, kumbuka kwamba simu hujifunga malipo yakikatika. Maliza deni kabla ya kuondoka, au ihesabu kama simu ya kubaki nyumbani. Usikubali kuwa kwenye stesheni ya treni ya mji usioujua ukiwa na kioo kinachodai malipo.

Sasa masafa ya mawimbi, jambo ambalo wengi hulikuta wakiwa wameshafika. Minara ya 4G haitumii masafa yale yale duniani kote. Simu inayofanya kazi vizuri Nairobi kwa kawaida itafanya kazi vizuri Ulaya, kwa sababu masafa makuu ya Ulaya, yanayoitwa bendi 1, 3, 7, 8, 20 na 28, ndiyo ambayo simu nyingi za soko letu huwa nayo. Marekani ni habari nyingine. Kule T-Mobile hutegemea sana bendi 2, 66, 12 na 71, Verizon hutegemea bendi 13, na AT&T bendi 12, 17 na 14, na simu nyingi za bei ya kati zilizotengenezwa kwa soko la Afrika hazina hizo zote. Utakuwa na mtandao katikati ya jiji, ukiingia ndani ya jengo au ukitoka mjini unakatika. Tafuta jina kamili la modeli yako, lile lenye herufi na tarakimu kwenye mipangilio, usome orodha ya bendi zake kwenye tovuti ya GSMArena.

Vile vile 3G imezimwa Marekani tangu 2022, na Ujerumani tangu 2021. Ujerumani 2G bado ipo kwa simu za sauti, lakini Marekani kupiga simu ya kawaida kunahitaji simu yenye VoLTE, yaani sauti inayopita ndani ya 4G, na kampuni ya huko iwe inaikubali modeli yako. Marekani hasa, kampuni nyingine huwa na orodha ya simu zinazokubaliwa. Ingiza IMEI yako kwenye tovuti yao ukiwa bado hapa.

Anayekwenda Uturuki asome hili mara mbili. Simu iliyoingizwa na msafiri ikitumia laini ya Kituruki hufungiwa mitandao ya huko baada ya siku 120 isipoandikishwa, na ada ya kuandikisha inaweza kuzidi thamani ya simu yenyewe. Wanafunzi wengi hununua simu ya bei nafuu huko kwa ajili ya laini ya Kituruki na kuigeuza hotspoti ya simu yao kuu. Kwa mtu wa mwaka mzima, ndivyo ningefanya.

Hatua ya tatu: hesabu kwa mwezi

Sisi tumezoea bando la saa moja, la siku, la usiku. Ukimuuliza mtu wa Nairobi anatumia data kiasi gani kwa mwezi, hawezi kukujibu, na si kosa lake. Hakuna anayemuuzia hivyo. Ugenini karibu kila kitu huuzwa kwa mwezi au kwa siku 28. Kwa hiyo fungua mipangilio, sehemu ya matumizi ya data, utazame mwezi mmoja mzima. Usiangalie data ya laini peke yake, ongeza na ile ya waifai, kwa sababu wiki za mwanzo ugenini huenda usiwe na waifai ya nyumbani, na vyote vitahamia kwenye laini.

Kisha ongeza upweke. Nasema hivi kwa uzito wake. Mtu aliye mbali huzungumza na nyumbani kwa video kila jioni, hutazama taarifa za Kenya, hufungua ibada ya Jumapili moja kwa moja, hutafuta njia kwenye ramani kila anapotoka. Video ndiyo mlaji mkuu: Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya picha safi ya HD hufika GB 3, na ya kiwango cha kawaida hufika GB 1. Ujumbe, barua pepe na simu za sauti za WhatsApp ni kidogo mno ukilinganisha. Nikikadiria kwa mtu asiye na waifai anayeongea na watoto wake kwa video kila siku, sianzii chini ya GB 30. Mwenye waifai chuoni na nyumbani anaweza kuishi na GB 5 hadi 10 kwa raha.

Hatua ya nne: siku saba za mwanzo

Usinunue laini ya mwaka ukiwa umechoka na safari. Kwa wiki ya kwanza, nunua eSIM ya msafiri kutoka kwa wauzaji kama Airalo au Nomad ungali Nairobi, uiingize ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, uiwashe ndege ikitua. Nyingi hazina namba ya simu, ni data tupu, na kila GB ni ghali kuliko laini ya mwenyeji. Haidhuru. Kazi yake ni kukufikisha nyumbani, kumpa mama taarifa, na kukupa siku za kuuliza. GB 3 zinatosha. Usiifute eSIM ukidhani utaipiga picha upya, kwani misimbo mingi hukubali kuingizwa mara moja tu.

Wale wanaoandika kwamba data haina kikomo, soma maandishi madogo: mara nyingi ukivuka kiasi fulani kwa siku kasi hupunguzwa, au hotspoti hukataliwa.

Hatua ya tano: laini ya miezi

Swali la kwanza huko ni kampuni gani ina mnara unaofika mahali unapolala. Bei ni swali la baadaye. Waulize majirani na wanafunzi wenzako, hasa Wakenya waliotangulia, kisha simama chumbani mwako ujaribu. Nchi nyingi zina kampuni chache zenye minara na nyingine nyingi zinazokodi minara hiyo na kuuza kwa bei ya chini. Hizi za kukodi ndizo rafiki wa mgeni.

Uingereza ni rahisi kuliko kwingi. Laini ya malipo ya kabla huuzwa dukani bila kuandikishwa kwa pasipoti. giffgaff hutumia minara ya O2, SMARTY ya Three, VOXI na Lebara ya Vodafone. Kaa kwenye mpango wa siku 30 unaoweza kuukatiza. Mkataba wa miezi 24 kwa kawaida hudai akaunti ya benki ya huko na historia ya mikopo, vitu ambavyo mgeni hana, na visa yako huenda ikaisha mkataba ukingali unadai.

Ujerumani tangu Julai 2017 hawaiwashi laini ya malipo ya kabla mpaka utambulisho wako uhakikiwe, ama kwa video ama kwa kwenda posta na pasipoti. Video ikikataa pasipoti yako, usihangaike siku tatu, nenda posta. Laini za madukani kama Aldi Talk, inayotumia minara ya O2, zinafaa kuanzia. Angalia tu hesabu: kifurushi cha wiki nne si cha mwezi, kwa mwaka unalipa mara 13. Faida ya laini ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya ni kwamba tangu Juni 2017 unaitumia katika nchi nyingine za umoja huo kwa bei ya nyumbani, kwa matumizi ya kawaida ya msafiri. Uswisi haimo katika sheria hiyo, wala Uingereza. Na usinunue ya Poland ukaishi nayo Ufaransa mwaka mzima: ukiwa nje zaidi kuliko ndani kwa miezi minne, kampuni ina haki ya kukutoza zaidi.

Marekani, Mint hutumia minara ya T-Mobile na huuza kwa kulipa miezi mingi kwa pamoja, Visible hutumia ya Verizon, Cricket ya AT&T. Bei inayotangazwa mara nyingi haijaingizwa kodi. Nunua kipindi kifupi kwanza, ujue kama simu yako inashika mnara, ndipo ulipie mwaka.

Kwa Dubai na Falme za Kiarabu kwa jumla, laini hupatikana kirahisi kwa pasipoti, na baadaye kwa kitambulisho cha mkaazi. Linaloumiza Wakenya wengi kule ni kwamba simu za sauti na video za WhatsApp hazipiti; ujumbe unapita. Zipo programu zilizoruhusiwa, Botim ikiwa mojawapo. Ziweke kwenye simu ya mzazi kabla ya kuondoka, ukae naye kibarazani umfundishe kupokea. Usijitose kwenye VPN, yaani programu ya kuficha unachofungua mtandaoni, kwa sababu mwenzako wa chumba anaitumia. Sheria ya huko ina faini nzito kwa anayeitumia kuficha jambo lililokatazwa, na kibali chako cha kazi kiko mikononi mwa wenyeji.

Uchina ina jambo la kipekee. WhatsApp na Google hazifunguki kwa laini ya Kichina. Lakini data ya romingi hurudi kwanza kwenye mtandao wa nchi ilikotoka laini, ndiyo maana anayetumia laini ya Kenya au eSIM ya msafiri ya nje huona WhatsApp ikifunguka kama kawaida. Kwa mwaka mzima njia hiyo ni ghali. Mpango ninaoupendekeza ni laini ya Kichina kwa maisha ya kila siku, ambayo utaandikishwa kwa pasipoti na kupigwa picha ya uso, pamoja na kifurushi kidogo cha eSIM ya nje kwa mawasiliano ya nyumbani. Na familia ifungue WeChat mapema.

Wanaokwenda India na mgonjwa wabebe nakala za pasipoti na viza pamoja na picha ndogo, na wajue kwamba kampuni ya Jio haina 2G wala 3G, kwa hiyo kabambe cha nyumbani, yaani kisimu cha vitufe, hakitasoma. Afrika Kusini watakuomba uthibitisho wa makazi. Barua ya mwenye nyumba husaidia.

Ukishaweka laini mpya na data ikakataa ilhali mnara unaonekana, kabla ya kurudi dukani angalia kwenye mipangilio APN, yaani anwani ambayo simu huitumia kuingia kwenye data ya kampuni. Simu zetu mara nyingi hubaki na APN ya zamani. Pata ile ya kampuni mpya kwenye tovuti yao, uiandike kwa mkono, uzime simu na kuiwasha.

Hatua ya sita: kabla ya kurudi

Mwezi mmoja na nusu kabla ya tiketi ya kurudi, soma masharti ya kukatiza laini ya ugenini. Ikiwa ni mkataba, toa taarifa kwa maandishi na uweke jibu lao. Lakini usiiue namba hiyo mara moja. Amana ya nyumba, marejesho ya kodi, mshahara wa mwisho, vyote huja baada ya wewe kuondoka, na benki ya huko nayo hutuma OTP kwa namba ya huko. Hamia kwenye mpango wa bei ya chini kabisa wa lipa-unapotumia, uje na laini hiyo Nairobi ndani ya nafasi ya pili, romingi imewashwa na data yake imezimwa, uiweke hai kwa SMS moja kila mwezi mpaka shilingi ya mwisho iwe imeingia.